Msasa wa maafisa wetu tusiwaachie wageni

Neno "msasa" lina historia ya kupendeza. Asili yake ni mti ambao majani yake hukwaruza mithili ya ulimi wa paka, na maseremala wa kale waliyatumia majani hayo kulainishia mbao. Baadaye jina likahamia kwenye karatasi ya dukani inayofanya kazi iyo hiyo. Tangu tupate Katiba ya mwaka 2010, Wakenya tumelipa neno hili kazi ya tatu. Mawaziri, majaji, mahakimu na polisi "hupigwa msasa" kabla ya kukabidhiwa madaraka au kabla ya kuruhusiwa kuendelea kuyashika. Maana yake ni kwamba tunauliza mtu huyu alitenda nini jana kabla hatujamwamini na kazi ya kesho.

Upo msasa mwingine ambao hauonyeshwi kwenye runinga. Afisa wa Jeshi la Ulinzi la Kenya au wa polisi anapoteuliwa kwenda kupata mafunzo kwa fedha za serikali ya Marekani, jina lake, cheo chake na kikosi chake hupelekwa kwanza kwenye ubalozi wa nchi hiyo jijini Nairobi. Kumbukumbu hupekuliwa hapo, kisha jina hupelekwa Washington kupekuliwa tena. Swali linaloulizwa ni moja: je, zipo habari za kuaminika kwamba afisa huyu, au kikosi chake, kilishiriki katika kuua watu bila hukumu ya mahakama, kuwatesa, kuwabaka au kuwatowesha? Ikiwa zipo, afisa hasafiri.

Utaratibu huo unatokana na sheria inayojulikana kwa jina la Seneta Patrick Leahy wa jimbo la Vermont, aliyestaafu Januari 2023. Ilitungwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, wakati Marekani ilipokuwa ikimimina fedha nchini Colombia kupambana na ulanguzi wa dawa za kulevya, nayo majeshi ya huko yakilaumiwa kwa kuwaua raia. Baadaye sheria ikapanuliwa ili iguse pia fedha za Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Ndani yake umeachwa mlango wa toba: nchi husika ikichukua hatua za kweli dhidi ya wahalifu, kikosi chaweza kurudishiwa msaada.

Nakubaliana na lengo la sheria hiyo. Hata hivyo, nina hoja mbili ambazo ningependa walimu na wanafunzi wenzangu wazitafakari. Ya kwanza ni kwamba ni fedheha kwa taifa huru kuwaachia wageni kazi ya kuuliza maafisa wake walimtendea nini mwananchi. Ya pili, ambayo ndiyo kubwa zaidi, ni kwamba msasa wa mgeni hauwezi kufika mahali ambapo sisi wenyewe hatukuandika kitu. Balozi husoma kilichoandikwa. Kisichoandikwa hakimzuii mtu kupanda ndege.

Sisi tunaoishi Rongai hatuko mbali na chimbuko la jambo hili. Upande wa pili wa mji wa Nakuru ipo Lanet, ambako maafisa wa jeshi letu hupata mafunzo yao ya awali. Ni huko Lanet ambako Januari 1964, wiki chache tu baada ya uhuru, askari wa kikosi cha 11 cha Kenya Rifles waliasi, siku chache baada ya wenzao wa Tanganyika na Uganda kufanya hivyo. Mzee Kenyatta aliomba majeshi ya Uingereza yauzime uasi huo, na baadhi ya askari wakafikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Tangu siku hizo serikali zetu zilijifunza kumpima askari kwa kipimo kimoja kikuu, yaani utiifu wake kwa wakubwa. Namna alivyomtendea mwanakijiji haikuwa katika orodha ya maswali.

Matokeo ya kutouliza swali hilo yanajulikana, na mfano wake mkubwa ulianzia katika Bonde la Ufa letu wenyewe. Mwaka 1962, luteni mmoja wa King's African Rifles kutoka Uganda aliongoza askari kwenye msako wa wezi wa mifugo katika nchi ya Waturkana. Baada ya msako huo maiti za wanakijiji zilifukuliwa, zikaonekana kuwa na alama za mateso. Maafisa wa serikali ya kikoloni mjini Nairobi walitaka luteni huyo ashtakiwe. Lakini Uganda ilikuwa ukingoni mwa uhuru, na luteni alikuwa mmojawapo wa maafisa wawili tu Waafrika wa nchi hiyo. Gavana Walter Coutts alishauriana na Waziri Mkuu Milton Obote, na uamuzi ukawa kwamba karipio lingetosha. Mwaka uliofuata luteni alipelekwa Uingereza kwa mafunzo ya makamanda, na baadaye akapata mafunzo ya miavuli nchini Israel. Jina lake ni Idi Amin. Tarehe 25 Januari 1971 aliipindua serikali ya Obote yuleyule aliyemsamehe, na hadi alipofukuzwa mwaka 1979 maelfu kwa maelfu ya Waganda walikuwa wamekwisha kuuawa.

Sidai kwamba msasa mmoja mwaka 1963 ungeibadilisha historia yote ya Uganda. Ninachosema ni kwamba habari zilikuwepo. Maiti zilikuwa zimefukuliwa, maafisa walikuwa wamezungumza, na bado mtu huyo alivishwa vyeo na kuongezewa ujuzi wa vita na mataifa mawili ya kigeni. Waliolipa gharama ya kwanza walikuwa wafugaji wa Turkana, ambao hata leo wanafunzi wetu wa historia hawasomi habari zao katika sura ya Amin.

Tuje karibu zaidi na wakati wetu. Machi 2008 serikali ilipeleka jeshi Mlima Elgon katika operesheni iliyoitwa Okoa Maisha, kupambana na kundi la Sabaot Land Defence Force. Kundi hilo lilikuwa la kikatili. Shirika la Human Rights Watch lilikadiria kwamba lilikuwa limewaua watu zaidi ya 600, na raia wa mlima huo waliwapokea wanajeshi kwa matumaini. Lakini Julai mwaka huohuo shirika hilohilo lilichapisha ripoti kuhusu mateso na watu kutoweka mikononi mwa wanajeshi, na likazitaka Uingereza na Marekani, ambazo zilikuwa zikilisaidia jeshi letu kwa mafunzo, ziitazame upya misaada hiyo. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya nayo ilikuwa imetoa malalamiko yake. Miaka mitatu baadaye, idadi ya waliotoweshwa na pande zote mbili, kundi hilo na vyombo vya dola, ilikadiriwa kuwa zaidi ya watu 300. Jeshi lilikana.

Mashahidi walieleza kwamba katika kambi ya Kapkota wanaume walipangwa mistari na kupitishwa mbele ya wapelelezi waliowatambua kwa ishara. Tafakari hali hiyo, msomaji. Mkulima alipigwa msasa kwa dakika moja, kwa kutikisiwa kichwa na mtu asiyemjua, na hukumu yake ikawa mijeledi. Afisa aliyesimamia mstari huo hakupigwa msasa wowote wa hadharani, siku ile wala baadaye. Shirika moja la madaktari na mawakili wanaowatetea waathiriwa wa mateso liliipeleka kesi katika Mahakama ya Afrika Mashariki mjini Arusha. Machi 2012 kitengo cha rufani cha mahakama hiyo kiliamua kwamba kesi ilichelewa kupelekwa, kwa kuwa mkataba hutoa muda wa miezi miwili tu. Basi swali la nani alifanya nini Kapkota likabaki bila jibu la mahakama.

Hapa ndipo naomba ruhusa ya kuingiza taaluma yangu. Mimi ni mwalimu wa isimu, na kazi yangu ni kuuliza sentensi imejengwa vipi. Chukua kitenzi "kutoweka". Tunasema: "Kijana ametoweka." Sentensi hiyo ina mtendaji mmoja tu, naye ni kijana. Ni kana kwamba aliamka asubuhi akaamua kuyeyuka kama umande. Sasa tia kauli ya kutendesha, kisha kauli ya kutendwa: "Kijana ametoweshwa." Mara moja lazuka swali, "Na nani?" Silabi moja tu imebadilika, lakini mtu wa pili ameingia katika sentensi, naye ana mikono, ana gari, na yumkini ana sare.

Tazama pia fomula nyingine tulizozizoea katika habari zetu. "Washukiwa waliuawa katika makabiliano." "Mwili ulipatikana mtoni." "Walichukuliwa na watu wasiojulikana." Kiswahili hakina upungufu. Kauli ya kutendwa katika lugha yetu humruhusu mtendaji atajwe vizuri kabisa kwa kihusishi "na". Sisi ndio tunaomwacha nje, wakati mwingine kwa hofu na wakati mwingine kwa mazoea. Nimewahi kuwaomba wanafunzi wangu wakusanye vipande vya habari za aina hiyo na kuuliza katika kila kimoja ni nani aliyetenda. Kwa kawaida hurudi na kurasa zilizojaa vitendo, na safu ya watendaji ikiwa tupu.

Safu hiyo tupu ndiyo inayompa afisa njia ya kupita. Sheria ya Leahy haidai hukumu ya mahakama. Inadai habari za kuaminika. Isitoshe, watungaji wake walitambua kwamba mwanakijiji anayepigwa usiku hawezi kuyajua majina ya wanaompiga, na kwa hiyo wakaiacha itazame kikosi pia. Mwanakijiji hajui jina, lakini huenda aliiona rangi ya kofia, namba ya gari au kambi alikopelekwa. Vitu hivyo vikiandikwa siku ileile, vina nguvu. Visipoandikwa, miaka mitano baadaye vinabaki kuwa simulizi za jikoni, na karani wa ubalozini haendi jikoni kwa mtu.

Ndiyo maana hatupaswi kushangazwa na takwimu. Mwaka 2011 serikali ya Marekani iliwapekua karibu watu na vikosi 200,000 kutoka duniani kote. Waliokataliwa hawakufika 2,000. Je, majeshi ya dunia ni safi kiasi hicho? Au majalada ndiyo matupu?

Majirani zetu wa Kongo wanalijua jibu. Mwaka 2010 wanajeshi wa Marekani walikifunza kikosi cha 391 cha jeshi la Kongo mjini Kisangani, kwa nia njema ya kuunda kikosi cha mfano. Novemba 2012, waasi wa M23 walipouteka mji wa Goma, wanajeshi wa serikali walirudi nyuma hadi Minova, na huko wanawake na wasichana wengi wakabakwa. Umoja wa Mataifa ulikitaja kikosi cha 391 miongoni mwa waliohusika. Kesi ilipomalizika mwaka 2014, kati ya washtakiwa 39 ni askari wawili tu wa vyeo vya chini waliopatikana na hatia ya ubakaji. Funzo ni kwamba mchujo wa mara moja, kabla ya masomo, hauwezi kuchukua nafasi ya haki ya kila siku nyumbani. Askari husafishwa na hofu ya kuwajibika zaidi ya anavyosafishwa na cheti.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Ya kwanza itauliza Marekani ni nani hata itupime, ilhali dunia iliziona picha za gereza la Abu Ghraib mwaka 2004, na Guantánamo haijasahaulika. Swali hilo ni halali, na kwangu mimi linaunga mkono hoja yangu. Ikiwa hatumwamini mgeni atupime, tujipime wenyewe. Tena mizani ya mgeni hubadilika kulingana na siasa zake. Mwaka 2025 Marekani ilizipunguza sana ofisi za wizara yake ya mambo ya nje zilizoshughulikia haki za binadamu. Waliotegemea msasa wa Washington watajikuta na ubao usiopigwa chochote.

Pingamizi ya pili husema kwamba kumnyima afisa mwenye doa mafunzo ni kumnyima nafasi ya kujirekebisha. Mwalimu yeyote atavutiwa na kauli hiyo, kwa maana sisi huamini kwamba elimu hubadilisha mtu. Lakini mafunzo ya kijeshi ng'ambo si adhabu wala ushauri nasaha. Ni tuzo. Afisa hurudi akiwa na cheti, na cheti humpandisha cheo. Mwanafunzi aliyempiga mwenzake hatumrekebishi kwa kumteua kiranja.

Pingamizi ya tatu ndiyo nzito, nami sitaki kuipuuza mbele ya wasomaji wa safu hii. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi wa al-Shabaab waliwaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi wa rika la wale ninaowafundisha. Nchi iliyozika watoto kiasi hicho inahitaji askari hodari, waliofunzwa barabara. Naam, inawahitaji. Lakini habari za ugaidi huletwa na raia wanaomwamini askari kiasi cha kumnong'oneza walichokiona. Mama aliyemtafuta mwanawe katika vituo vitano vya polisi na kuambiwa kila mara "hatumjui" hatamnong'oneza mtu kitu. Kikosi chenye doa hupoteza macho na masikio yake.

Je, hatuna vyombo vyetu? Tunavyo nusunusu. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2013 Tume ya Huduma za Polisi iliwapiga msasa maafisa wake, na Wakenya wakafuatilia kwa hamu jinsi wengine walivyoshindwa kueleza fedha zilizopita katika simu zao. Maswali ya mali yaliwika, na maswali ya damu yalisikika kwa uchache. Mamlaka ya IPOA huchunguza polisi, lakini jeshi haliko chini yake. Na mara nyingi dawa yetu imekuwa kuvunja jina la kikosi. Oktoba 2022 kikosi maalumu cha idara ya upelelezi wa jinai kilivunjwa kufuatia madai ya mauaji na watu kutoweshwa, na baadhi ya maafisa wake wakafikishwa mahakamani. Hatua hiyo ilistahili pongezi. Lakini jina likivunjwa bila orodha ya nani alikuwemo na alifanya nini kuwekwa hadharani, kikosi kipya chaweza kuzaliwa na watu walewale.

Hayo si mambo ya zamani. Tarehe 25 Juni 2024, siku ileile ambapo kundi la kwanza la polisi wetu lilitua Haiti kwa kazi iliyogharimiwa kwa sehemu kubwa na Marekani, polisi jijini Nairobi waliwafyatulia risasi vijana waliokuwa wakiupinga Mswada wa Fedha. Kufikia Desemba mwaka huo Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu visa 82 vya watu kutekwa nyara tangu Juni, na 29 kati yao walikuwa hawajulikani waliko. Kikosi kinachosifiwa ng'ambo na kikosi kinacholalamikiwa nyumbani hubeba nembo moja.

Basi tufanye nini? Napendekeza mambo matatu. Kwanza, Bunge litunge sheria kwamba hakuna afisa wa jeshi au wa polisi atakayepelekwa ng'ambo kwa mafunzo, au kupandishwa cheo cha juu, kabla kumbukumbu yake kuhusu haki za binadamu haijachunguzwa na chombo cha kiraia chenye uwezo wa kupokea malalamiko ya wananchi. Kifungu cha 238 cha Katiba kinataka usalama wa taifa uzingatie sheria na haki za binadamu, na Kifungu cha 244 kinataka polisi wafunzwe kuziheshimu. Msingi upo. Pili, kila operesheni iwe na daftari linaloonyesha ni kikosi kipi kilikuwa wapi, siku gani, chini ya kamanda nani, na daftari hilo lihifadhiwe mahali ambapo kamanda huyo hawezi kulichoma. Tatu, taarifa za mashahidi ziandikwe kwa lugha ile shahidi aliyoitumia, iwe Kiswahili au Kisabaot au Kiturukana, kabla hazijatafsiriwa. Nimeona mara nyingi jinsi mtendaji anavyopotea kati ya maneno ya shahidi na Kiingereza cha karani.

Pendekezo hilo la tatu ndilo linalotuhusu sisi wa darasani moja kwa moja. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na kwa miaka mingi tumeuacha ulimwengu uwafunze maafisa wetu mipaka yao. Lakini kabla ya kuwa maafisa walikuwa wanafunzi wetu. Usajili wa makurutu unapotangazwa, vijana wa Salgaa, Kampi ya Moto na Rongai hufika na vyeti tulivyowasaidia kuvipata. Wale wanaosajiliwa, pamoja na wenzao watakaobaki kuwa raia wa kawaida, tuwafunze kuandika sentensi kamili: nani, alimtenda nani, nini, wapi, lini. Mwalimu anayesahihisha insha na kuandika pembeni "nani?" kwa kalamu nyekundu anafanya kazi ndogo ambayo siku moja itamsaidia mama mmoja kuandikisha taarifa isiyoweza kupuuzwa. Naye kijana atakayevaa sare atakuwa amezoea tangu shuleni kwamba katika kila kitendo mtendaji hutajwa.